Delmar Anafunga Mdomo

Kwenye baa yetu, Kwa Laz, hatuzomei mtu. Ukipanda jukwaani na tusikupende, tunakwenda uani kuvuta sigara. Hata wasiovuta huenda. Nimewaona watu wenye pumu wakisimama nje Februari, ziwa limeganda, pua zinachuruzika, mradi tu msanii aliyebaki ndani ajue kwamba anavichezea viti. Mjini Toledo hakuna hukumu mbaya kuliko hiyo, na mimi nimezishuhudia nyingi kuliko mtu yeyote, kwa sababu ndimi ninayeweka nyimbo, na mwenye kuweka nyimbo hana ruhusa ya kutoka.

Jina langu la cheti ni Wilhelmina, lakini anayeniita hivyo ni daktari peke yake. Wengine wote huniita Mama Billie, na nimewazaa wote hao bila kupenda.

Delmar Stuckey hakuwahi kuachiwa viti. Kwa miaka mingi, kila Jumapili alasiri, watu wakishatoka kanisani au kitandani, yeye ndiye aliyekuwa akifunga onyesho. Siku nyingine ni mtu wa kiwandani, anafunga milango kwenye magari mapya. Mweusi, kipande cha mtu, mabega mapana, kichwa amekinyoa chote, na ukimsemesha hupati maneno matano. Anaishi na mama yake ambaye miguu imekataa, na kila jioni yeye ndiye anayembeba kumpandisha kitandani. Lakini Jumapili, jamani, Jumapili alikuwa Callum Dray.

Na Callum Dray, yule mwimbaji maarufu, ni kijana mwembamba kama ufagio, mweupe, nywele za dhahabu hadi mabegani. Mara ya kwanza Delmar alipotoka na lile wigi na ile sketi tulicheka mpaka mbavu zikauma. Kufika ubeti wa pili hakuna aliyekuwa akicheka.

Kazi yenyewe ni hii. Mimi naweka wimbo, yeye anaufuatisha kwa midomo, na kila neno lazima lionekane linatoka kinywani mwake, hata pumzi. Ukikosea neno moja watu wetu wanaona, na sigara zinaanza kutoka mifukoni. Delmar hakukosea hata pumzi. Tena alikuwa na mchezo wake, aliuanzisha mwenyewe: kiitikio kikifika pale penye utamu, anafunga mdomo kabisa, anatutazama, na sisi tunalisema lile neno badala yake, baa nzima. Akifungua mdomo, tunanyamaza. Akiufunga, neno ni letu. Mgeni akipayuka wakati Delmar yuko mdomo wazi, anakanyagwa mguu na aliye karibu. Tulizoea hivyo mpaka haikuhitaji tena kufikiri.

Sasa niseme tulivyompenda huyo Callum Dray, na asinicheke mtu. Alivaa sketi kabla ya wenzake. Alipaka kucha. Kule Columbus alijifunika bendera yetu ya upinde wa mvua mabegani na kuzunguka nayo jukwaa zima, nami nilikuwepo, nikalia kama mtoto mchanga, na mimi hata wanaume siwataki. Hakuwahi kusema kwamba ni mmoja wetu. Hakuwahi kusema kwamba siye. Aliacha pengo na sisi tukalijaza kwa mikono yetu wenyewe. Tulinunua fulana, tukagombana na ndugu zetu kwa ajili yake, na vijana wetu walikesha kwenye simu wakimtukana yeyote aliyesema sauti yake ni ya puani. Ilikuwa ya puani.

Halafu akaoa. Hilo tulilimeza, watu huoa. Baadaye akaenda kukaa na wale wanaume wawili wa mtandaoni wenye ndevu na vipaza sauti, wanaozungumza masaa mawili juu ya nyama na bunduki, wakamuuliza kuhusu sketi. Akacheka. Akasema lilikuwa wazo la meneja wake. Akasema, "Wale watu ukiwaazima gauni tu, watakupenda mpaka kaburini."

Ilikuwa Alhamisi. Kufika Ijumaa, Toledo nzima ya kwetu ilikuwa imechoma fulana. Nasema imechoma, Duchess Erie alichoma zake kwenye jiko la nyama nyuma ya nyumba, akajipiga picha. Duchess ndiye mshereheshaji wetu. Mchana anauza miwani na anaitwa Vernon. Jumapili ana kope urefu wa kidole na ulimi mrefu kuliko kope.

Delmar peke yake hakuwa na habari. Wiki ile alishikwa na zamu za ziada kiwandani, na usiku alikuwa na mama. Jumapili akaja kama kawaida na mfuko wake, akavaa sketi, akasimama nyuma ya pazia. Duchess akamtangaza kwa sauti ya mtu anayesoma bei. Nikaweka wimbo.

Hata ubeti wa kwanza haukuisha. Viti vikaanza kuburutwa. Walitoka taratibu, kwa adabu zote, wakifungiana makoti, na baridi ikawa inaingia kila mlango ukifunguliwa. Akabaki Laz mwenyewe akisugua glasi, na mzee mmoja aliyelala. Kiitikio kikafika, Delmar akafunga mdomo kama ilivyo desturi yake, akatazama. Spika ikalisema neno peke yake.

Nilimkuta baadaye kwenye stoo ya bia ambako wasanii hubadilishia nguo. Amekaa juu ya pipa, wigi mapajani.

"Wamekwenda wapi, Mama Billie?"

"Uani."

"Wote?"

"Hata Pete na mtungi wake wa oksijeni."

Nikamweleza. Alisikiliza akilichana lile wigi kwa vidole. Nilipomaliza akauliza, "Sasa mimi nimefanya nini?"

"Hujafanya kitu, mwanangu. Umevaa sura yake, basi."

"Wao ndio walionivisha."

 Kweli ndio sisi tuliomvisha, na sisi watu wa Kwa Laz tukivua hatuangalii aliyebaki ndani ya nguo.

Unaweza kuuliza kwa nini asiigize mwimbaji wa kike. Delmar alimuuliza Duchess, na Duchess akamjibu kwa upole wa paka: "Shoga yangu, malkia hapa tunao mpaka wanalaliana. Wewe ndiye mwanaume wetu. Tutafutie mwanaume mwingine wa kumpenda." Akajaribu wawili watatu wa zamani. Uani palijaa.

Na wakati huohuo watu wetu walikuwa wameshapata bwana mpya. Nikimtaja nafunga na kufungua ngumi. Dutch Maddox.

Dutch Maddox ni rapa. Wa umri wangu na wa Delmar wanamkumbuka alivyoanza. Wimbo uliomtajirisha ulikuwa na kiitikio chenye neno moja mwishoni, neno wanaloitwa watu wetu kabla ya kupigwa. Silitaji. Kila mji unalo la kwake na unalijua. Alilirudia mara nne katika wimbo ule, kwa raha, na mwaka ule liliimbwa kwenye kila basi la shule na kila kona ya mtaa, na waliokuwa wakiitwa hivyo walitembea karibu na ukuta.

Sasa huyohuyo, na mvi kidogo kidevuni, akatokea kwenye televisheni akilia. Mpwa wake amewaambia wazazi kwamba ni shoga, na yeye mjomba moyo umempasuka, anajuta. Machozi yalikuwa ya kweli au ya kitunguu, mimi sijui. Wiki mbili baadaye ikatoka picha yake kando ya bwawa la kuogelea, kifua wazi, mafuta, kucha amezipaka rangi ya zambarau. Basi tukafa. Waliochoma fulana za Callum wakanunua za Dutch.

"Mama Billie, kwani mtu hakui?" Duchess aliniambia, simu kifuani kama picha ya marehemu.

"Anakua. Huyu kakua kifua."

"Basi hicho kifua ndicho tunachokisamehe, bibi wee. Hayo mengine tutayaona mbele."

"Na ule wimbo?"

"Ule ndio mtamu zaidi! Neno si letu sasa? Tumelichukua. Vijana wanauimba kwa raha zao."

Nilimwambia lililomvunjia mtu meno haliwi lake kwa kupakwa rangi ya kucha. Akanibusu shavuni, akaniachia kope moja.

Ndipo Laz akamwita Delmar kaunta. Laz ni mtoto wa Wahungari wa upande wa mashariki, mtu mwema, aliifungua baa hii wakati wengine wanapigiwa mawe madirishani. Palikuwa na baa nne zetu mjini, zote zimekufa, imebaki yake, na kila mwezi anaitazama kama anayemuuguza mgonjwa. Mimi nilikuwa nafunga nyaya pale karibu, nikasikia yote.

"Delmar, ndugu yangu, itazame hii picha. Sasa jitazame kwenye kioo kile. Mabega ndiyo haya. Kipara ndicho hicho. Callum ulikuwa unamlazimisha. Huyu umezaliwa naye!"

"Wimbo gani?"

"Ule wake wa zamani. Watu wanautaka ule."

"Hana mwingine?"

"Anazo. Nani anazijua?"

 Laz akasugua kaunta mahali pasipo na doa.

"Sikulazimishi, unanijua. Lakini kuna kijana wa Bowling Green ameshanipigia simu, anaujua wote. Nafasi ya mwisho ya Jumapili siwezi kuiacha watu wakiwa uani. Aliye uani hanywi, Delmar. Nipe jibu Jumamosi."

Ijumaa tulikwenda, mimi na yeye, kula samaki kwenye ukumbi wa parokia, kama tunavyofanya kila Kwaresima ingawa hakuna Mkatoliki kati yetu. Samaki wa ziwani, kabichi ya siki, meza ndefu, vikongwe wanaokupa kipande cha ziada ukiwasifia koti. Delmar hakumsifia mtu koti. Alikaa akiitazama sahani yake, na ndipo akaniambia jambo ambalo katika miaka yote ya urafiki wetu hakuwahi kuniambia.

"Ule wimbo naujua wote," alisema. "Sina haja ya mazoezi."

"Nani asiyeujua?"

"Hapana. Naujua kutoka ndani." Akaweka uma chini. "Rodell alikuwa amefunga zile spika kubwa kwenye buti ya gari lake. Siku hiyo wenzake walikuwapo, wanaosha gari. Mmoja akasema, umeona mdogo wako anavyotembea? Rodell akacheka. Basi wakanibeba. Nilikuwa na miaka kumi na minne, sikuwa na mwili huu. Wakanitia kwenye buti pamoja na spika, wakafunga, wakaweka ule wimbo, wakatembeza gari mjini."

Rodell ni kaka yake. Namfahamu, hupita dukani ninakofanya kazi siku za juma.

"Kwa muda gani?"

"Sijui. Uliisha, ukaanza. Uliisha, ukaanza. Neno likifika, walikuwa wanalipayuka wote kule mbele, kwa kicheko. Nilikuwa nalisikia kupitia kiti."

 Nikamuuliza Rodell husemaje siku hizi.

"Ni shemasi sasa. Anasema tulikuwa watoto. Anamletea mama supu."

"Basi kataa! Mwambie Laz akamlete huyo kijana wake, na wote wawili waende zao."

"Halafu mimi niende wapi?"

"Detroit, kule baa zetu zipo. Ni saa moja tu kwa gari."

"Na mama nani atampandisha kitandani?" Alisema bila hasira. "Mama Billie, kiwandani sifungui mdomo. Nyumbani, Rodell akija na watu wake wa kanisa, sifungui mdomo. Kwa Laz peke yake. Na hata pale sauti si yangu, najua. Lakini mdomo ni wangu, na watu wananitazama."

Vikongwe walipita wakikusanya sahani. Alisubiri wapite, akainama karibu yangu, na kwa mara ya kwanza siku ile nikaona kitu kama tabasamu.

"Nitaufanya," alisema. "Nitaufanya wote, kila pumzi. Ila lile neno silisemi. Likifika nafunga mdomo, nasimama pale, nawatazama usoni. Waone."

"Waone nini?"

"Waone kwamba ndani mle kulikuwa na mtu."

Niligonga meza mpaka kabichi ikaruka. Nilimwambia hilo ndilo jambo zuri zaidi nililowahi kulisikia, kwamba wataona haya, kwamba Duchess atalia kope zote. Tukala samaki wetu kama watu walioshinda kesi. Hata kwaheri nilimpigia saluti.

Jumapili ile baa ilijaa mpaka Laz akafungua dirisha. Habari ilikuwa imesambaa: Delmar anarudi, na anarudi na Dutch. Vijana wa chuo walikuja kwa makundi, kucha za zambarau. Pete na mtungi wake alipewa kiti cha mbele. Duchess akapanda na gauni linalong'aa, akashika kipaza sauti kwa mikono miwili.

"Watoto wangu! Tulifiwa. Tulilia. Tulichoma nguo. Lakini Mungu hamwachi shoga wake bila bwana! Mpokeeni mwanaume wetu!"

Delmar akatoka. Fulana nyeupe ya mikono mifupi, mkufu, suruali inayoning'inia. Walipiga mayowe kabla hajafanya lolote, na haki ya Mungu alikuwa Dutch Maddox mtupu. Hakuhitaji wigi wala poda. Miaka yote alikuwa akijificha ndani ya mtu mwembamba, na leo amepewa mtu wa kipimo chake, na ni yule. Nikaweka wimbo.

Ubeti wa kwanza ulipita, na sijawahi kuona kitu kama kile. Alikuwa anajua mahali Dutch anapovuta hewa, anapokaribia kukohoa, anapomeza mate. Watu walikuwa wamesimama juu ya viti. Mimi kibandani kwangu, kwenye mitambo ya muziki, nilikuwa na tabasamu langu tayari, nalingojea neno.

Kiitikio kikaja. Mstari ukateremka kuelekea mwisho wake. Delmar akafunga mdomo, mikono pembeni, akatutazama.

Na baa nzima, kwa furaha, kwa mapenzi, meno nje, ikalipayuka lile neno usoni mwake.

Tabasamu likanigandia. Nilimwona na yeye ameelewa, wakati uleule nilioelewa mimi. Nani aliyetufundisha? Miaka yote hiyo, Jumapili baada ya Jumapili, ni yeye aliyetuzoeza kwamba mdomo wake ukifungwa neno ni letu. Tulikaa kwenye ule ukumbi na samaki wetu, watu wazima wawili, mmoja wetu mwenye mchezo na mwingine mwenye kuuwekea muziki, na hakuna aliyelikumbuka hilo.

Ubeti wa pili aliufuatisha kwa sababu midomo yake haikujua kuacha. Kiitikio kiliporudi alifunga tena mdomo, na safari hii akainua kiganja mbele yao, hivi, kama polisi anayesimamisha gari. Kwa watu wetu mkono juu maana yake ni moja: ongezeni. Wakaongeza. Pete alikuwa anagonga mtungi wake kwa pete ya kidole. Kijana mmoja wa mbele alikuwa akimwelekezea Delmar kidole kila silabi, macho yamejaa machozi ya raha.

Nikashika kitasa cha sauti. Kuuzima wimbo katikati hatufanyi, hata jengo likiungua, lakini nilifikiri nikiushusha watazinduka. Kiitikio cha tatu kilipokaribia nikashusha taratibu mpaka spika zikawa zinanong'ona. Ikawa vibaya zaidi. Sasa hakukuwa na Dutch wala ngoma, kulikuwa na sauti zetu tupu, za watu ninaowajua majina, watu niliowazikia wapenzi wao, wakimwita Delmar lile neno wote kwa pamoja na kucheka.

Alinitazama kule kibandani. Nilimtingishia kichwa, nilitaka kusema shuka, mwanangu, ondoka. Lakini ngazi ya jukwaa iko katikati ya watu, na watu walikuwa wamejaa mpaka juu ya ngazi.

Kiitikio cha nne ndicho cha mwisho. Mstari ukateremka. Delmar alikuwa na njia moja tu ya kutunyamazisha, na aliijua, maana ni yeye aliyeitengeneza. Akafungua mdomo. Akalisema mwenyewe.

Tukanyamaza palepale, kama tulivyozoezwa. Baa nzima, kimya. Na kwa kuwa nilikuwa nimeshusha spika, kilichosikika hakikuwa Dutch. Ilikuwa sauti ya Delmar mwenyewe, nzito, ya chini, yenye mkwaruzo kidogo. Ndiyo mara ya kwanza ilisikika pale jukwaani, na neno pekee iliyolisema ni lile.

Halafu paa likataka kuruka. Laz aliruka kaunta, mtu wa miaka sitini, akamkumbatia kiunoni akamwinua. "Kila Jumapili! Kila Jumapili, Delmar!" Duchess alikuwa analia kweli, kope moja iko kidevuni, anapiga kelele, "Umelirudisha nyumbani, mwaya! Umelirudisha nyumbani!" Na hakuna aliyekuwa uani. Hata paka wa Laz alikuwa ndani.

Stooni nilimkuta juu ya pipa lilelile, mkufu mkononi.

"Umesikia?" aliniuliza.

"Nimesikia."

"Vilevile. Hata kicheko."

"Nitawaambia. Naenda sasa hivi kumwambia Laz, namwambia na yule mwehu mwenye kope."

"Utawaambia nini?" Aliuvingirisha mkufu, akautia mfukoni. "Wamefurahi, Mama Billie. Hukuwaona? Hakuna aliyetoka."

Nilikwenda hata hivyo, mimi siambiliki. Nilimvuta Duchess pembeni nikamweleza habari ya gari, spika na buti, kwa sauti ya chini. Alisikiliza mkono mdomoni. Ni mtu mwenye roho, sitaki umchukie. Akasema, "Maskini Delmar. Maskini mtoto." Akafikiri. Kisha akasema, "Lakini shoga, si alifunga mdomo? Alitupatia mwenyewe."

Sasa ni Juni. Kila Jumapili anafunga onyesho, na baa inajaa. Ule mchezo wake wa kufunga mdomo ameuacha. Lile neno analisema mwenyewe, mara zote nne, wazi, hakosei hata pumzi, ili sisi tusipate nafasi ya kulisema. Kuna wanaonung'unika kwamba siku hizi hawapi neno kama zamani. Wananung'unika wakiwa wamekaa.

Jumapili iliyopita alipita kibandani kwangu kabla ya kupanda, fulana nyeupe, mkufu. Aliegemea mlango, akatazama ukumbi ulivyofurika. Mbele palikuwa na fulana za Dutch Maddox safu nzima, mpya, bado zina mikunjo ya dukani.

"Mama Billie, wewe unawajua hawa watu," alisema. "Watamchoka lini?"

Nawajua. Callum Dray tulimpenda miaka tisa, naye sauti yake ilikuwa ya puani.

"Hivi karibuni, mwanangu," nikamwambia.

Akaitikia kwa kichwa, akaenda kusimama nyuma ya pazia. Duchess akamtangaza. Nikaweka wimbo.